Nimepewa Nikate Gauni Langu la Harusi, na Bwana Mwenyewe Hajasema Neno

Mpendwa shangazi mshauri, naomba msaada, tena naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ikishapita ushauri wako utakuwa mwavuli baada ya mvua. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, kazi yangu ni kukata vitambaa katika karakana ya kushona sare, za shule, za wauguzi, za wapishi, na mara mojamoja tukibahatika magauni ya harusi, sijaolewa, simdai mtu mapenzi wala sidaiwi, naishi na mama yangu mzazi ambaye ana afya njema na mdomo wenye afya zaidi, na mpaka miezi michache iliyopita nilikuwa nalala usingizi wangu vizuri tu.

Balaa lililetwa na Kiingereza. Bosi wetu alipata wateja wapya wasiojua Kiswahili, na siku ya kwanza tu fundi wetu mmoja akamwambia mgeni wa watu "borrow me your jacket", akitaka ampe koti alipime, mgeni akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, bosi akaona aibu, akatuletea mwalimu. Ni binti mdogo, miwani mikubwa, sauti ya mnadani. Kila Ijumaa saa ya chakula cherehani zinazimwa, tunakaa juu ya majora ya vitambaa, na yeye anatufundisha kwa mtindo wake ambao sijawahi kuuona popote. Anasema Kiingereza kimejaa maneno mapacha, kwa mbali unadhani ni mmoja, ukisogea unaona huyu ana kovu na yule hana, basi anachukua mapacha wawili anawapa watu wawili, kila mtu na neno lake, na Ijumaa inayofuata mnasimama katikati ya karakana mnaonyesha tofauti yao kwa vitendo, marufuku kufungua mdomo, na wenzenu wanabahatisha nani ni neno gani.

Siku ya kugawana wawiliwawili wenzangu walichaguana mbio kama viti vya msibani, nikabaki mimi, na akabaki mpiga pasi. Huyu tunamwita Mvuke, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili yake mwenyewe pia, unamwona tu yupo, husikii alipoingia. Alikuwa na mke, Mungu alimchukua zamani, binti yao kashaolewa. Nimefanya kazi naye miaka nenda miaka rudi, shangazi, na maneno tuliyowahi kusemezana ungeweza kuyaandika kwenye kifungo cha shati ukabakiwa na nafasi.

Mapacha wetu wa kwanza walikuwa hear na listen. Mimi nikawa hear. Nikaomba cherehani zote ziwashwe kwa pamoja, nikapita katikati nimeziba masikio na kukunja uso, kelele zinaniingia nikitaka nisitake. Yeye akapita nyuma yangu polepole, kainamisha kichwa, akafika kwenye cherehani moja akasimama, akanyoosha mkono izimwe, akaifungua, akatoa sindano iliyopinda ambayo hata anayeshonea pale alikuwa hajaijua. Karakana nzima ikaelewa papo hapo. Sauti inamfikia kila mwenye masikio, lakini kusikiliza mpaka uwe umekusudia.

Wiki iliyofuata tukapewa borrow, yaani kuomba kitu uazime, na lend, kumpa mwenzako aazime. Hapa nikueleze kitu, shangazi. Mkata vitambaa haazimi mtu mkasi. Si uchoyo, ni kazi, mkasi unazoea mkono mmoja, na mtu akikukatia karatasi nao mara moja tu basi umekwisha. Dada yangu wa tumbo moja aliwahi kuugusa wangu akafungulia paketi ya maziwa, tukanuniana mpaka mama akaingilia kati. Basi tukaigiza, mimi ndiye lend, yeye borrow, akaja mezani kwangu akanyoosha mikono miwili, nikampa, akaondoka nao, watu wakapiga makofi. Jumatatu asubuhi nikaukuta mezani umenolewa, umepakwa mafuta kwenye kiungo, umefungwa kwenye kitambaa kilichopigwa pasi. Hayo nakutajia tu uelewe mchezo wenyewe ulivyo, sasa nije kwenye shida.

Shida ni alone na lonely. Yeye akawa alone, yaani mtu yupo peke yake na hana neno, akachukua kigoda chake akaenda kukaa kwenye kona ya pasi, akamenya yai lake, akala taratibu, kwa raha zake. Mimi nikawa lonely, yaani mpweke. Mwalimu alikuwa ametukumbusha kwamba huyu pacha anaweza kumpata mtu hata katikati ya umati, basi nikawaita wenzangu wa vifungo na wa upindo wanizunguke, wacheke, wagongane mabega, na mimi nikakaa katikati yao mikono mapajani. Nilidhani nitaigiza tu. Shangazi, sijui nini kilinipata, nilikaa pale nikakumbuka magauni yote niliyokatia watoto wa watu, uso ukaenda wenyewe, wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza mmoja mmoja, na shoga yangu wa stoo akaanza kulia kabisa kwa sauti. Na Mvuke, ambaye alitakiwa abaki kwenye kona yake ale yai lake, akainuka, akabeba kigoda, akapenya katikati ya wanawake, akakiweka karibu yangu, akakaa. Hakunigusa, hakunitazama. Akanipa nusu ya yai.

Mwalimu akapiga kelele, "Mmeniharibia somo! Sasa alone ni nani na lonely ni nani?" Lakini alikuwa amevua miwani anaifuta, na hakutupa maksi hata moja.

Toka siku hiyo saa ya chakula tunakula pamoja, na karakana imepata wazimu. Nikipita wananong'ona, nikigeuka wanashona. Wahenga walisema lisemwalo lipo na kama halipo laja, na hawa wenzangu waliamua kwamba likichelewa watalifuata wenyewe. Juzi shoga yangu wa stoo akaniletea jora la satini nyeupe, lesi, bitana, na kikaratasi cha vipimo, akaniambia kuna mteja bibi harusi, mimi ndiye mkata satini pekee hapa, nimkatie, "hana haraka, ila ana haraka." Nikasoma vipimo. Shangazi, nimepima miili ya watu tangu nikiwa msichana. Kifua kile nakijua, kiuno kile nakijua zaidi maana nimepigana nacho, na urefu ule wa mkono ni huu mkono ninaokuandikia. Walivichukua kwenye vipimo vya maaproni yetu vilivyobandikwa ukutani. Wamenipa nikate gauni langu mwenyewe, na wanadhani sijui!

Nikatandika satini, nikachora kwa chaki. Kitu kimoja tu walikosea, mabega wameyaandika sawa, kumbe bega langu la kulia liko chini kidogo, ni la kuinamia meza na mkasi mzito miaka yote hii, basi nikalishusha kwa chaki, mkono ulikwenda wenyewe tu. Na hapo ndipo nilipogandia. Satini imetandikwa, imechorwa, na mimi mkasi sijaupitisha, kila apitaye ananiuliza, "Dada Mkasi, hujakata tu?" namjibu nasubiri mteja. Maana satini ikishakatwa haiungiki, shangazi, na huyo bwana harusi wanayemshonea mkewe hajaniambia hata neno moja. Pengine alikuwa anaigiza. Tulikuwa tunaigiza sote, si ndiyo mchezo wenyewe!

Nikasema nitajikausha mpaka mwalimu amalize aondoke zake. Kumbe Ijumaa hii ndiyo ya mwisho, bosi anakuja na wageni wake, na mwalimu, yule mtoto mwenye miwani, ametupa mapacha wa kufungia: like na love. Akatueleza, like ni kitu kukupendeza, ukikipata unafurahi na ukikosa unakunywa maji unalala, na love ni ile ya kufa na kuzikana. Kwetu sisi yote tunasema kupenda, napenda chai, nampenda mume wangu, msikilizaji atajijua mwenyewe. Akasema, "Gawaneni wenyewe nani achukue lipi." Nikamwendea Mvuke kwenye meza yake ya pasi nimwulize anataka lipi. Akaiweka pasi wima, akafikiri, akasema, "Chagua wewe. Mimi nitachukua litakalobaki." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia.

Sasa nifanyeje? Nikichukua love nitasimama mbele ya bosi na wageni na karakana nzima nimwonyeshe mwanamume wa watu kwamba nampenda, na sitakuwa naigiza, na kila mwenye macho ataona, naye amebakiwa na like, ataonyesha kwamba nampendeza kama chai. Nikichukua like, nitakuwa nimesema uongo kwa mwili mzima, na yeye ataigiza love vizuri maana anaigiza vizuri, na mimi sitajua kamwe kama lilikuwa la kwake au la mwalimu. Nimemwuliza mama. Amenijibu, "Kupenda ni kupenda, mapacha ni wa walimu, na wewe ukingoja zaidi utaolewa na hiyo meza." Naogopa, shangazi. Nikikosea nitakuwa kichekesho, hilo nitalivumilia, watu huchoka kucheka. Lakini nitampoteza mtu pekee ninayekula naye chakula cha mchana kwa raha, na hilo sijui nitalivumiliaje. Nikate au nisikate?

Ni mimi,
Dada Mkasi

MSHAURI ANAJIBU

Dada Mkasi, mwanangu, barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikamwita mume wangu nikamsomea, naye akacheka, mara ya tatu nikakasirika. Umefundishwa tofauti ya kusikia na kusikiliza mbele ya watu wote, ukapigiwa makofi, halafu umerudi mezani kwako ukawa hear tupu!

Hebu tuisome barua yako pamoja, maana naona umeiandika bila kuisoma. Umenieleza kwamba mkasi wako haugusi mtu. Umenieleza kwamba dada yako, mliyelala tumbo moja, aliugusa mkakosana mpaka mzazi akaamua kesi. Kisha mstari unaofuata kaja mwanamume akanyoosha mikono, ukampa. Hukusita, hukumwambia "angalia usidondoshe," ukampa aondoke nao Ijumaa mpaka Jumatatu! Kwa ajili ya mchezo? Kwa mchezo ungetosha mkasi wa stoo, mwanangu, ule wa kukatia nyuzi. Na unaniambia hayo ni ya kunitajia tu ili nielewe. Nimeelewa. Wewe ndiye hukuelewa.

Tuje kwake sasa. Mchezo ulitaka aombe kitu na akirudishe, basi. Nani alimwagiza akinoe? Nani alimwagiza akipake mafuta kwenye kiungo, akifunge kwenye kitambaa, na hicho kitambaa akipige pasi? Siku ya Jumatatu asubuhi hapakuwa na mwalimu wala watazamaji. Mwigizaji huigiza panapokuwa na watu. Na siku ya yai, palipokuwa na watu, ndipo alipoacha kuigiza, akavunja kanuni mchana kweupe akanyimwa maksi. Bibi wee, mwanamume anayekosa maksi kwa ajili yako akiwa na nusu ya yai mkononi, unataka akuletee tarumbeta? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu bwana amekuwa akikupigia kelele wiki kwa wiki kwa lugha pekee anayoijua, na wewe umeziba masikio unakunja uso.

Usinielewe vibaya, hata yeye nina ugomvi naye. "Chagua wewe, mimi nitachukua litakalobaki." Kauli gani hiyo ya mtu mzima? Nadhani ameogopa kama wewe, na mtu aliyewahi kuzika mke ana haki ya kuogopa, lakini mficha uchi hazai, na ninyi wawili mmejifunika mashuka mpaka kichwani, kila mmoja anangoja mwenzake afunue. Mwambie nimesema hivyo. Mwambie mshauri wa gazetini amekasirika.

Na wenzako wa karakana je? Wana haraka, hawana adabu, na ningependa sana kufanya kazi nao. Kumpa bibi harusi akate gauni lake mwenyewe kwa siri! Waombe wanialike.

Sasa nikuambie kitu kuhusu hao mapacha wa mwisho, kwa sababu naona umemwogopa love ukamdharau like. Mimi nimeolewa miaka mingi kuliko umri wa huyo mwalimu wenu. Love ndiye aliyenitoa nyumbani kwa baba yangu huku nalia na kucheka. Lakini love ana siku zake, kuna siku anaamka mgonjwa, kuna siku amekwenda matembezi hajulikani atarudi lini. Anayebaki ndani siku hizo ni like. Huyu ndiye anayenifanya nimsogezee mume wangu kiti asubuhi hata kama jana tulizozana, kwa sababu tu napenda kunywa naye chai. Nimeona nyumba nyingi ambazo love alikuja na ngoma na matarumbeta, akakuta hakuna like wa kumpokea, akaondoka. Ninyi mmeanza na like. Mmeanza na yai na kigoda. Wewe unasema atakuona kama chai, kama vile chai ni kitu kidogo! Mtu akikupenda kila asubuhi, na jioni pia, na akikukosa siku ikaharibika, unalalamika nini?

Basi nisikilize, na safari hii sikiliza kweli. Ijumaa usichague neno mbele ya watu. Jambo la wawili halitangazwi kwa wageni wa bosi kabla mwenyewe hajaambiwa. Kesho fika kazini mapema, kabla pasi haijapata moto na kabla yule shoga yako wa stoo hajafika na machozi yake. Chukua mkasi wako, nenda kwenye meza ya pasi, uweke pale mbele yake. Kisha mwambie kwa mdomo, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida: "Mimi nimechagua. Nimechukua love. Wewe umebakiwa na like. Umeridhika nalo, au una neno?"

Halafu nyamaza. Usimjazie maneno, usicheke, usiseme nilikuwa natania. Mpe muda, huyo ni mtu wa kuiweka pasi wima kwanza ndipo afikiri.

Sikuapii atasema nini, mimi si mganga. Akisema ameridhika na like, mshukuru kwa heshima, chukua mkasi wako urudi mezani kichwa juu, na saa ya chakula ukae naye kama kawaida. Rafiki wa kweli hapotei kwa kuambiwa ukweli, na akipotea basi hakuwa wako, mwache aende na mvuke wake. Lakini akisema analitaka la kwako, usimpe. Mwambie hilo haliazimwi, ila mnaweza kulitumia wote. Na Ijumaa mkienda kusimama mbele ya bosi, mwambieni mwalimu mmeshindwa kugawana, awanyime maksi kwa mara ya pili.

Umeniuliza ukate au usikate, na mimi nashangaa kwa nini umeuliza. Mama yako angeuona huo mchoro wa chaki asingepoteza mate. Ulipewa vipimo vyenye kosa. Kama gauni lile ungeliona la mchezo, au la mteja asiyekuwepo, au aibu ya kukwepa, ungeyaacha mabega sawa kama yalivyoandikwa. Mtu asiyetaka kuvaa gauni harekebishi bega lake. Wewe ulikuwa umejibu tangu siku hiyo, kwa chaki, kabla hujashika kalamu kuniandikia.

Kwa hiyo ukishatoka kwenye meza ya pasi na jibu jema mkononi, rudi kwenye satini yako, uangalie tena lile bega la kulia. Usilishushe sana. Upande huo ndio mtu atakaokushika mkono, na mkono ulioshikwa hunyanyua bega kidogo.

Kisha kata, mwanangu. Kata.